Arobaini ya Mnong'onezaji

Mazishi ya Eleuterio Manalastas yalikwisha saa tisa na nusu alasiri, na mazoezi ya komedya yalipangwa saa kumi. Huko Malabrigo hata mtoto anajua kwamba ukitoka kwenye msiba huendi moja kwa moja unakokwenda. Unapita kwanza duka la mikate, au unakunywa kahawa kwa jirani, au unasimama sokoni kuuliza bei ya samaki ambaye huna nia ya kumnunua, ili marehemu, kama amekufuata, apotezee njia hapo. Lakini Don Honorato Buensalido, mkuu wa komedya, hakuwa mtu wa kusubiri kahawa za watu. Alisimama kwenye lango la makaburi, akatazama saa yake ya mkononi.

"Dakika thelathini," alisema. "Atakayechelewa hachezi."

Basi watu thelathini na wawili wakatoka kaburini wakaenda moja kwa moja jukwaani, viatu vikiwa bado na udongo, na marehemu akawafuata.

Alifika saa kumi kamili. Alivaa lile shati jeupe la barong walilomzikia, pamba puani, rozari iliyokatwa ikining'inia vidoleni. Hakuwa na viatu, kwa kuwa maiti wa huko huzikwa miguu mitupu, nyumba isije ikasikia hatua zake. Akashuka kwenye kibanda kilicho chini ya ukingo wa jukwaa, akaketi kwenye benchi lake, akalamba kidole, akafungua daftari. Binti yake Loreta, aliyekuwa ameshaketi pale kurithi kazi, akasogea kumpisha.

"Wewe Loreta," Bining aliinama kutoka juu. Bining alikuwa mchinjaji wa sokoni asubuhi, na mfalme wa Wamoro alasiri kwa mwaka wa kumi na nne sasa. "Mwambie baba yako alegeze hiyo pamba. Sauti inatoka kama ya mtu mwenye mafua."

Mzee Teryo, ndivyo walivyomwita Eleuterio, akailegeza. Mazoezi yakaendelea.

Ni vizuri kueleza hapa kwamba waigizaji wa komedya hawakariri. Michezo yenyewe ni mirefu, ya beti elfu mbili na zaidi, wafalme wa Kikristo na wafalme wa Kimoro, yaani Waislamu, wakipigana kwa panga za bati huku bendi ikipiga, na wachezaji ni wavuvi wa ziwani, washona viatu na wauza mboga. Nani ana muda wa kukariri? Mnong'onezaji hukaa kibandani na daftari, huita jina la mhusika, kisha husoma mstari, na mwenye jina hilo huurudia kwa sauti kuu, mkono juu. Huo ndio utaratibu tangu enzi za mababu. Baada ya miaka michache kinywa huzoea, na kile kinachotoka kibandani hutoka jukwaani kabla akili haijauliza kitu. Mwaka mmoja Mzee Teryo alipiga chafya, na wafalme watatu wakapiga chafya. Mwaka mwingine aliona panya miguuni pake akapiga kelele, na binti wa mfalme akashika kifua akamtangazia baba yake, Kaisari, "Panya!" Watu walilia kwa huzuni, wakidhani ni jina la adui.

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Teryo alisoma, na kwa miaka hiyohiyo alitunga. Michezo ishirini na miwili, yote kwa mkono wake, jikoni, kwenye taa ya mafuta, baada ya kurudi kutoka kwenye mashamba ya mpunga ya Don Honorato. Kila mmoja ulipokwisha alimpelekea Don kwa ajili ya ruhusa, na Don aliruhusu, akatia jina lake chini. Katika kila onyesho, ubeti wa ufunguzi ulimsifu mtakatifu wa mji, kisha ukamalizia, kwa kinywa cha mchezaji, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Haya yametungwa na Don Honorato." Na aliyeusoma mstari huo kutoka kibandani, mwaka hata mwaka, alikuwa Teryo mwenyewe. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, lakini hawakusema umpishe mpaka umshikie na mlango.

Sasa Don Honorato alikuwa na miaka sabini na sita. Mkoa ulikwishampa nishani, akaivaa hata kwenda kunyoa. Bado ile ya taifa. Kamati ya Manila ingekuja kutazama mchezo siku ya sikukuu ya mji, ndipo iamue kama Buensalido aingie kwenye orodha ya wasanii wakuu wa jukwaa, wale ambao hupewa mazishi ya heshima na shule kuitwa kwa majina yao. Sikukuu hiyo ilianguka siku ya arobaini tangu kifo cha Mzee Teryo. Baada ya arobaini roho haibaki duniani. Kila mtu Malabrigo alijua hilo pia, na Loreta alilijua kuliko wote, maana alihesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni.

Siku ya kumi na mbili, alasiri, wakati wachezaji wamepumzika kula, alimwuliza.

"Baba, kwa nini hukuwahi kusema?"

"Kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa," alisema Mzee Teryo.

"Si uliandika wewe?"

"Niliandika. Halafu pale chini likaandikwa jina la yeye. Nikasoma lililoandikwa."

Loreta alimenya ndizi, akampa nusu kwa mazoea. Mzee akaiweka benchini, maana hakuwa akila tena.

"Ungependa lisomwe lako?"

Marehemu aliinua macho. Juu yao mtu alikuwa akifagia jukwaa, vumbi likishuka katikati ya mbao.

"Mara moja tu," alisema. "Nikiwa huku chini, nilisikie likitoka huko juu. Basi, niende zangu."

Kuanzia hapo Loreta hakupata usingizi mzuri, kwa sababu alikwishakujua atafanya nini na alikwishakujua kitakachofuata. Nyumba yao ya mianzi ilisimama kwenye ardhi ya Don Honorato. Mama yake, Aling Sabel, alikuwa na miguu iliyovimba na hakuweza kutembea hata mpaka kisimani. Familia moja iliyomjibu Don vibaya mwaka uliopita ilikuta asubuhi ng'ombe wa Don wamefungwa sebuleni kwao, ikafukuzwa kwa wizi, na hakuna aliyewauliza ng'ombe.

Siku ya ishirini Don alikuja nyumbani mwenyewe. Hakuketi. Alivaa nishani.

"Loreta, binti yangu," alisema, "nasikia yapo madaftari ya zamani hapa. Yamechakaa. Kamati itataka kuona mwandiko wangu, na ule si mwandiko wangu."

"Si wako, Don," alisema Loreta.

"Ndiyo maana nimeyaandika upya yote. Karani wangu amenisaidia. Hayo mabovu nipe nikayachome, yasilete mende."

Aling Sabel alimtazama bintiye kutoka kitandani. Macho yake yalikwenda kwenye paa, kwenye kuta, yakarudi. Loreta akavuta sanduku chini ya kitanda, akamhesabia madaftari ishirini na mawili. Don akayachoma hapohapo uani, akisubiri mpaka la mwisho. Jirani mmoja alikuja kuomba moto huo achomee samaki, akaruhusiwa.

"Na huyo baba yako," Don alisema akipangusa majivu kwenye nishani, "mwambie afanye kazi vizuri siku ya sikukuu. Tumempa siku zote hizi tukitarajia uaminifu."

"Nitamwambia."

"Usichanganye mambo, Loreta. Nakuona jinsi unavyonitazama."

Alipoondoka, Aling Sabel aliuliza kama Don alikuwa amekunywa maji. Loreta akasema hapana. "Afadhali, hatukumpa hata maji," mama alisema, akageukia ukutani, akalia.

Siku ya thelathini na tisa, mchana, mji ukiwa umelala kwa joto, Loreta aliandika beti mbili. Hakuwahi kutunga kabla. Aligundua kwamba mistari inakuja imeshakatwa vipande vya mizani sita-sita, kama alivyoisikia tangu tumboni, na ikamwogopesha jinsi ilivyokuwa rahisi. Akakunja karatasi, akaifunga ndani ya jani la mgomba pamoja na kipande cha wali wa nazi, akaiweka chini kabisa ya kapu la suman, wali mtamu wa kufungwa majani, alizopika kwa ajili ya wachezaji.

Siku ya arobaini uwanja wa kanisa ulijaa kuanzia saa nane. Kamati ilikuwa watu watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwembamba aliyeitwa Profesa Villamarzo, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Waliketishwa safu ya mbele, na Don Honorato katikati yao, suti nyeupe, nishani kifuani.

Saa kumi kasorobo Don alishuka kibandani kukagua. Alichukua daftari jipya, lile la mwandiko wa karani, akageuza ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kila ukurasa alikuwa ametia sahihi. Akalikung'uta, kuona kama kuna kitu kitaanguka. Akapapasa chini ya benchi. Akamtazama Loreta kuanzia kichwani hadi kandambili.

"Vua," alisema.

Loreta akavua kandambili. Don akazigeuza, akazirudisha.

"Na kapu?"

"Suman za wachezaji, Don. Chukua moja."

Don aliinama. Mkono wake uliingia kapuni, ukapita suman ya juu, ukapita ya pili, ukachagua. Don akafungua jani taratibu. Ndani mlikuwa na wali. Akaula wote amesimama, akalamba vidole, akasema sukari ni kidogo.

"Leo ndiyo leo," alisema. "Nyumba ile ni nzuri, Loreta. Ina upepo."

Akapanda juu. Loreta akatafuta suman ya chini, akaifungua, akaweka karatasi juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Ilikuwa na mafuta ya nazi, lakini ilisomeka. Saa kumi ikagonga, na Mzee Teryo akaketi kando yake.

Bendi ikapiga, ikanyamaza. Bining akatoka mbele na taji lake la makaratasi ya dhahabu, akainua mkono, akasubiri.

Mzee Teryo alilamba kidole, akatazama karatasi. Akaona jina lake. Hakusoma.

Bining alisubiri na mkono juu. Watu walisubiri. Mtoto akalia, akanyamazishwa. Safu ya mbele Don Honorato aliacha kutabasamu, akaketi ukingoni mwa kiti. Mkono wa Bining ulianza kumlemea, kwa kuwa mkono wa mchinjaji ni mzito, lakini hakuthubutu kuushusha.

"Baba," Loreta alinong'ona.

"Hii si kazi yangu," alisema Mzee Teryo.

"Ni yangu. Imeandikwa. Soma."

"Watakufukuza."

"Baba, ni arobaini leo. Soma."

Mzee Teryo alilamba kidole tena. Halafu alisafisha koo, na jukwaani Bining akasafisha koo. Mzee Teryo akamwita mhusika kwa jina, kama desturi, akaanza. Na kutoka juu, kwa sauti iliyofika kanisani na kurudi, ikasikika:

*Wana Malabrigo, leo sikizeni:*
*mwenye tenzi hizi yumo kibandani,*
*Teryo jina lake, mwana wa shambani,*
*aliyezitunga kwa taa jikoni.*

Bining alimaliza ubeti ndipo akaelewa alichosema. Alifunga mdomo, akatazama chini kibandani, akatazama safu ya mbele, akabaki ameshika taji. Wazee waliokuwa wakijua mambo miaka yote hiyo walitazama vidole vya miguu yao.

Don Honorato alikuwa ameshainuka. Alikuwa ameshafungua kinywa kumwita polisi aliyesimama karibu na mnara wa kengele. Lakini Mzee Teryo alikuwa mtu wa kazi, na karatasi ilikuwa na ubeti wa pili, na juu ya ubeti wa pili paliandikwa jina la anayeusema.

"Honorato!" aliita kutoka kibandani.

Watu wengi wamesahau kwamba Don Honorato, kabla ya kuwa mkuu, alicheza mwana wa mfalme wa Kikristo kwa miaka ishirini, na miaka sita ya mwisho aliipokea mistari yake kutoka kibanda hichohicho, kwa sauti hiyohiyo. Kinywa hakistaafu. Mkono wake wa kulia ukapanda. Mguu wa kushoto ukatangulia mbele. Akageuka kuwatazama watu, kifua nje, na uzuri wote wa ujana wake ukarudi kwenye sauti:

*Mimi Honorato, mvaa nishani,*
*sijatunga neno tangu utotoni.*
*Nilitwaa yake pasipo idhini,*
*nikaliandika jina langu chini.*

Alipomaliza, machozi yalikuwa yakimtoka, ya hasira pengine, au ya hofu. Mkono wake ulikuwa bado juu. Kibandani Loreta alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Limesemwa, aliwaza. Limesemwa mbele ya Manila na mbele ya Mungu, na hata wakitulaza njiani leo, limesemwa.

Profesa Villamarzo ndiye aliyesimama wa kwanza. Alivua miwani ya machoni, akaifuta, akavaa ile ya kichwani. Akapiga makofi. Wenzake wawili wakasimama, wakapiga. Diwani akapiga kwa kuwa kamati imepiga, polisi akapiga kwa kuwa diwani amepiga, kisha uwanja mzima ukalipuka, na bendi, kwa kukosa maelekezo, ikapiga wimbo wa ushindi wa Wakristo.

"Mwandishi mwenyewe!" profesa alimwambia mwenzake, akilia waziwazi. "Mwandishi mwenyewe anainuka kutoka kwa watazamaji na kujishtaki! Na huyu Teryo! Ameumba mhusika mmoja anayewabeba maskini wote wa nchi hii waliotunga wakasahauliwa. Kwa umri wake! Nani kati yetu angethubutu?"

Don Honorato aliusikia mstari huu. Alichukua muda kuuelewa. Kisha akashusha mkono taratibu, akauweka juu ya nishani, akainamisha kichwa.

Mchezo uliendelea hadi giza lilipoingia. Wamoro walishindwa, wakabatizwa, kama kila mwaka.

Bining alishuka kibandani baadaye, jasho likimtiririka na dhahabu ya taji.

"Mimi nimeshamwambia yule mama," alisema. "Nimemwambia, Teryo ni mtu, ni yule pale, tumemzika mwezi uliopita, nenda kamsalimie. Amenishika mkono. Ananiambia naigiza vizuri hata nje ya jukwaa."

"Na wewe ukasemaje?" Loreta aliuliza.

"Nikasema asante, Mama. Ningesemaje?"

Orodha ilitangazwa mwezi wa sita. Magazeti ya Manila yalichapa beti zile mbili chini ya picha ya Don Honorato, yakaeleza mchango wake kwa jukwaa la taifa: michezo ishirini na miwili, na huo ubeti wa kujishtaki, ambao wataalamu waliuita kilele cha maisha yake ya utunzi. Uwanjani zilisimamishwa sanamu mbili. Moja ni yake, ya shaba, imevaa nishani. Ya pili ni ya saruji, mtu asiye na sura akiwa na kalamu, na chini yake kibao kinasema hivi: TERYO, MSHAIRI ASIYEJULIKANA. KAZI YA HONORATO BUENSALIDO. Wanafunzi huja kwa basi kuandika insha kuhusu maana yake. Kila Jumapili Aling Sabel hubebwa na majirani hadi pale, anaweka maua ya sampagita miguuni pa saruji, na wageni humpiga picha wakisema tazameni jinsi watu wa kawaida wanavyoipenda sanaa.

Hawakufukuzwa nyumbani. Don alikuja mwenyewe kumwambia Loreta, safari hii akaketi, akaomba hata maji.

"Umenitakia ubaya, ukanipa wema," alisema. "Mimi si mtu wa kinyongo. Nyumba ni yenu siku zote za maisha yenu." Akatoa daftari jipya mfukoni, lenye jalada la ngozi, akaliweka mezani mbele yake. Sahihi ilikuwa tayari chini ya kila ukurasa. "Kamati inauliza nitaandika nini tena. Naona mkono umeurithi."

Loreta alilitazama daftari. Upande wa pili wa pazia, mama yake alikuwa akikohoa, na upepo ulipita kwenye mianzi, ule upepo mzuri. Kuku wa maskini hata akitaga, vifaranga ni vya mwewe. Alilifunga, akaliweka chini ya kitanda, ndani ya sanduku lilelile.

Padri alipoulizwa kuhusu arobaini, alisema hesabu hiyo ni kwa ajili ya wale ambao jambo lao limekwisha.

Kesho yake, baada ya Don kuleta daftari, Loreta alifika mazoezini mapema, akaketi katikati ya benchi, kwa mara ya kwanza, kuona linavyokaa. Juu, Bining alikuwa akilalamika kuhusu bei ya nyama huku akivaa taji. Saa kumi ikagonga. Hazikusikika hatua. Benchi tu lililia kidogo upande wa kulia, na harufu ya pamba ya maiti ikaingia kibandani. Loreta akasogea.

Mzee Teryo alilamba kidole.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Palepale, Baba," alisema Loreta, akamfungulia ukurasa.